Albert Prescott, Fundi wa Kuwafunda Wafamasia

Mwaka 1871 Chama cha Wafamasia cha Marekani kilifanya mkutano wake wa mwaka mjini St. Louis. Miongoni mwa waliofika alikuwemo mwalimu wa kemia mwenye umri wa miaka 38, Albert Benjamin Prescott, aliyekuja kukiwakilisha Chuo Kikuu cha Michigan, ambako shahada ya famasia ilikuwa imeanza kutolewa miaka michache tu kabla. Hati zake zilipokaguliwa zilikataliwa. Wakubwa wa taaluma walisema shule yake haiongozwi na wafamasia wenyewe, na tena inawapa shahada vijana ambao haikuwataka kwanza wakae dukani chini ya bwana na kuijua kazi. Kwa maoni yao, kijana aliyefunzwa namna hiyo hakuwa mfamasia kamili.

Prescott alirudi Ann Arbor, mji wa chuo chake, akaendelea kufundisha vilevile. Aliendelea hivyo kwa miaka 34 mingine, hadi alipofariki mwaka 1905. Wapo watu katika historia ya famasia waliopigiwa makofi kuliko yeye, waliogundua dawa au kuanzisha viwanda vikubwa. Mimi nimevutiwa na huyu kwa sababu aliushika ufundi mmoja, ufundi wa kumfunda mfamasia, akaunoa katika chuo kimoja kwa umri wake wote wa kazi. Lengo lake lilikuwa kumtoa kijana katika hali ya kuamini maandishi ya chupani na kumfikisha pale anapoweza kuthibitisha, kwa mikono yake, kilichomo ndani.

Tuutazame kwanza utaratibu alioukuta. Chuo cha kwanza cha famasia nchini humo kilianzishwa Philadelphia mwaka 1821, na vingine vikafuata katika miji mingine mikubwa. Vyuo hivyo vilikuwa mali ya vyama vya wenye maduka ya dawa. Kijana alikuwa mwanagenzi dukani kutwa. Jioni, hasa majira ya baridi, alikwenda kusikiliza mihadhara. Ujuzi wenyewe aliupata kwa bwana wake: kutwanga katika kinu, kuviringisha vidonge, kupitisha kileo polepole katika unga wa mizizi hadi nguvu yake itoke, kupima kwa mizani ndogo bila kutetemeka. Bwana aliyeijua kazi na kumpenda mwanafunzi alimfundisha vizuri sana. Wengi wa waliomkataa Prescott walikuwa wamelelewa na mabwana wa namna hiyo, na walikuwa wakitetea kitu walichokijua kuwa chema.

Tatizo ni kwamba duka lenyewe lilikuwa linabadilika. Mwaka 1858 Edward Squibb alifungua kiwanda chake cha dawa Brooklyn. Mwaka 1866 huko Detroit, safari fupi tu kutoka Ann Arbor, ilianza biashara ambayo baadaye ilijulikana kama Parke, Davis. Dawa ambazo zamani mfamasia alizitengeneza mwenyewe chumba cha nyuma, sasa zilianza kuja zimekwisha tengenezwa, zikiwa na lebo. Mwanagenzi aliyekuwa akitwanga na kuchuja, sasa alizidi kuosha chupa, kufungua makasha na kuuza. Angejifunza nini kwa kumwaga dawa kutoka chupa kubwa kwenda chupa ndogo? Na ni nani angemwambia kwamba kilichomo katika chupa kubwa ndicho kilichoandikwa juu yake? Udanganyifu katika dawa lilikuwa jambo zito kiasi kwamba mwaka 1848 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kukagua dawa zinazoingia bandarini. Magome ya kwinini yaliyokwisha nyonywa nguvu yaliuzwa kama mapya, na afyuni ilichanganywa na vitu vya kuiongezea uzito.

Prescott alizaliwa Hastings, jimbo la New York, mwaka 1832. Alipata shahada ya udaktari Michigan mwaka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado vinaendelea, akaingia jeshini kama daktari. Vita hivyo viliwafunza madaktari wengi somo la dawa kwa njia chungu. Askari walikufa zaidi kwa homa na kuhara kuliko walivyokufa kwa risasi, na kwinini ilimezwa kwa wingi mno katika kambi zilizozungukwa na mabwawa. Michigan nayo ilikuwa nchi ya malaria, jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii tunapoitaja Marekani. Walowezi wa kwanza walitetemeka kwa homa ya vipindi sawasawa na mgonjwa wa Kilombero au Kisumu, na mkombozi wao alikuwa unga ule mweupe, mchungu. Daktari aliyemwandikia mgonjwa kwinini, na mgonjwa asipone, alihitaji kujua kama ugonjwa umeshinda dawa au dawa yenyewe haikuwa dawa. Jibu la swali hilo halikuwa kwa daktari. Lilikuwa kwa mtu wa maabara.

Mwaka 1865 Prescott alirudi chuoni kwake kufundisha kemia. Alikuta jengo la maabara lililojengwa mwaka 1856 kwa juhudi za Profesa Silas Douglas, jengo ambalo tangu msingi lilikusudiwa kemia peke yake, katika nchi ambayo vyuo vingi bado vilifundisha kemia kwa mwalimu kuonyesha mbele na wanafunzi kutazama wakiwa wameketi. Mwaka 1868 masomo ya famasia yakaanza rasmi humo. Ratiba yake ndiyo iliyowashtua watu wa St. Louis: mwanafunzi wa Michigan alisoma mchana, kazi yake kuu ikiwa masomo, na sehemu kubwa ya mchana huo aliitumia akiwa amesimama mbele ya meza ya maabara. Yale ambayo vyuo vingine viliyaacha yatendeke dukani, kwa bahati ya kumpata bwana mwema, Michigan iliyaweka katika mpango wa chuo, kwa kila mwanafunzi, kwa utaratibu uleule.

Uzuri wa ufundi huo uko katika vitendo vyake vidogo, na tunaweza kuvifuata kimoja kimoja.

Mwanafunzi anapewa kimiminika kisicho na rangi. Hajui kina nini. Anaambiwa atafute madini yaliyomo. Anatia tindikali ya haidrokloriki kidogo kidogo. Kikitokea kitu cheupe kinachozama chini, basi kuna mojawapo ya vitatu, au viwili, au vyote: fedha, risasi, au zebaki ya aina moja. Anachuja. Juu ya mashapo yaliyobaki kwenye karatasi anamwaga maji ya moto. Kama kuna risasi, sehemu ya mashapo huyeyuka na kupita, na tone la kromati katika maji hayo huleta rangi ya manjano. Yaliyobaki anayamwagia amonia. Fedha huyeyuka na kupita; zebaki hubaki na kugeuka nyeusi. Maji ya amonia yaliyopita anayatia tindikali tena, na weupe ukirudi, fedha imethibitishwa. Hapo amemaliza kundi la kwanza tu. Kile kimiminika kilichochujwa mwanzo bado kinamsubiri. Anakipitishia gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai yaliyooza, na humo shaba hujitokeza kwa weusi, aseniki kwa manjano, antimoni kwa rangi ya chungwa. Kisha kundi la tatu, la nne, hadi yale madini ya mwisho ambayo hujulikana kwa rangi yanayoupa mwali wa moto.

Kila hatua inategemea uaminifu wa hatua iliyotangulia. Asiyetia tindikali ya kutosha ataacha fedha ipenye, na mbele itamtokea kama weusi atakaoudhania kuwa shaba. Asiyeosha mashapo yake vizuri atabeba uchafu wa kundi moja kwenda kundi la pili, na majibu yake yote yatakuwa uongo hata kama mkono wake haukukosea tena. Mwalimu hana haja ya kugomba. Anajua kilichotiwa ndani ya sampuli, na jibu la mwanafunzi linaonyesha ni wapi alipofanya haraka. Sijui njia nyingine ya kufundisha ukweli iliyo ya haki kama hii, kwa kuwa haimtazami mwanafunzi usoni, haijali jina la baba yake, na haimpi maksi kwa ufasaha wa kusema.

Mwaka 1874 Douglas na Prescott walitoa kitabu cha uchambuzi wa kemia wa aina hiyo. Baadaye Prescott aliendelea nacho pamoja na mwenzake Otis Coe Johnson, na kikachapishwa upya mara kadhaa. Ukifikiria maana ya kitabu cha maabara, utaona kwamba kukiandika ni kazi ya unyenyekevu. Mwandishi hawezi kujionyesha. Lazima akumbuke mahali ambapo mkono wa mgeni husita, aseme ni kiasi gani kitiwe, kwa muda gani kisubiriwe, rangi gani itokee na rangi gani ni ya kutiliwa shaka. Anamwandikia mtu aliye peke yake mbele ya chupa, na anajaribu kuwa kando yake.

Lakini dawa nyingi za wakati huo hazikuwa madini. Zilikuwa mizizi, magome, majani na utomvu, na nguvu zake zilikaa katika kemikali chungu ambazo wanakemia huziita alkaloidi: kwinini katika gome la mkwinini, mofini katika afyuni, striknini katika mbegu zenye sumu. Kuzitoa humo na kuzipima ndiko kulikomshughulisha Prescott kuliko jambo lolote. Mwaka 1875 alitoa kitabu kifupi kuhusu uchambuzi wa vitu vya namna hiyo, na mwaka 1887 akatoa kile kikubwa, *Organic Analysis*, kilichokusanya maelfu ya saa za meza ya maabara katika jalada moja.

Tufuate gome la mkwinini. Linasagwa hadi liwe unga laini, linachanganywa na chokaa ili kwinini iachane na tindikali za mti ilizoshikamana nazo, kisha linakaushwa. Unga huo unatikiswa na klorofomu au kimiminika kingine kinachoipenda kwinini na kisichoyapenda maji. Hapo kuna siri ambayo kila mama anayekamua nazi anaijua: kimiminika kilekile kikigawanywa na kutumika kidogo kidogo, mara tatu au nne, hutoa zaidi ya kikimwagwa chote kwa mkupuo mmoja. Kisha klorofomu hiyo inatikiswa na maji yenye tindikali kidogo. Kwinini inahama, inaingia kwenye maji, na takataka za mafuta na rangi zinabaki nyuma. Inatiwa amonia, kwinini inakataa kukaa katika maji, inarudi kwenye kimiminika kipya. Kila kuhama kunaisafisha. Etha inaichukua kwinini na kuiacha sinkonini, alkaloidi nyingine ya gome lilelile ambayo ni ya bei ya chini. Mwishoni kimiminika kinaachwa kikauke, na kilichobaki kinapimwa kwenye mizani.

Bado mwanafunzi hajaruhusiwa kuandika jibu. Anayeyusha chembe chache katika maji yenye tindikali ya salfuriki na kuyashika kwenye mwanga wa jua. Kwinini hung'aa kwa ubuluu hafifu, na sinkonini haing'ai. Kisha anatia maji ya klorini, na baada yake amonia, na rangi ya kijani iliyokolea inajitokeza. Hao ni mashahidi wawili zaidi ya mizani. Ndipo anaandika kwamba gome hili lina kwinini, kiasi fulani kwa mia, na anaweka sahihi yake.

Kijana aliyekwisha kufanya kazi hiyo kwa mikono yake hawezi tena kulitazama gome kama wengine wanavyolitazama. Hata akienda kufanya kazi duka dogo la kijijini, mbali na maabara yoyote, anajua kwamba kila lebo ni madai yanayoweza kupimwa. Ujuzi huo ndio Prescott aliowapa wanafunzi wake, na ndio uliokuwa ukikosekana kwa mwanagenzi aliyejifunza kwa kufungua makasha.

Wanafunzi wenyewe ni ushahidi. Victor Vaughan alisoma kemia katika maabara hiyo, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1876, kisha akaja kuwa mkuu wa shule ya udaktari ya Michigan. Moses Gomberg alifika Marekani akiwa kijana mhamiaji kutoka nchi ambayo leo ni Ukraine. Prescott alimpokea na kumsimamia katika utafiti juu ya kafeini na michanganyiko yake, na Gomberg akapata shahada yake ya uzamivu mwaka 1894. Miaka sita baadaye, katika chuo hichohicho, Gomberg alionyesha kwamba kaboni inaweza kuwepo ikiwa na viungo vitatu tu badala ya vinne, jambo ambalo wanakemia wa dunia walikuwa wamesadiki kuwa haliwezekani. Alifikia hapo kwa sababu uchambuzi wake uligoma kutoa namba alizozitarajia, naye akaziamini namba kuliko matarajio. Naona mkono wa mwalimu wake katika tabia hiyo.

Kuna faida nyingine ya njia ya Michigan. Mwaka 1870 chuo hicho kilifungua milango yake kwa wanawake. Palipokuwa na sharti la uanagenzi, msichana alihitaji kwanza mwenye duka atakayekubali kumchukua. Palipokuwa na meza ya maabara na sharti la kufaulu, sampuli ilimuuliza yeye swali lilelile ililomuuliza kaka yake.

Kazi iliendelea kimyakimya na vyeo vikamfuata. Mwaka 1876 famasia ilitengwa kuwa chuo chake chenyewe ndani ya Chuo Kikuu, na Prescott akawa mkuu wake, nafasi aliyoishika hadi kufa. Mwaka 1884 alipewa na maabara yote ya kemia kuisimamia. Mwaka 1886 alikuwa rais wa Chama cha Kemia cha Marekani, na mwaka 1891 rais wa Chama cha Marekani cha Kuendeleza Sayansi. Vyuo vikuu vingine vya umma vikaanza kuifuata njia hiyo. Wisconsin ilianzisha idara yake mwaka 1883, na mwaka 1892, chini ya Edward Kremers, ikaanzisha masomo ya famasia ya miaka minne.

Kisha Chama cha Wafamasia, kilekile kilichomrudisha mlangoni, kilimchagua kuwa rais wake kwa mwaka wa 1899 hadi 1900. Mwaka huo wa 1900, katika mji wa Richmond, Virginia, walimu wa vyuo vya famasia waliunda jumuiya yao ya kwanza ya kitaifa ili wakubaliane juu ya viwango vya kufundishia, na rais wao wa kwanza akawa Prescott. Vyuo vya zamani vya wenye maduka na vyuo vikuu vipya viliketi meza moja, naye akiwa mwenyekiti. Ilikuwa imechukua miaka 29. Katika muda huo hakuunda chama cha kushindana na waliomkataa. Alizalisha wahitimu, wakaenda madukani na viwandani, na kazi yao ikasema.

Haki inadai tuseme pia kwamba waliompinga hawakukosea kwa kila jambo. Mfamasia hukutana na mgonjwa, na mgonjwa si sampuli. Kuna busara ya kaunta ambayo maabara haiwezi kuitoa: kumsikiliza mzee anayeona haya kutaja maradhi yake, kugundua kwamba mama aliyeshika karatasi ya daktari hajui kusoma maelezo, kujua wakati wa kusema dawa hii isubiri. Elimu ya leo imezikubali pande zote mbili. Muhimbili na Nairobi zote zilianza kufundisha shahada ya famasia mwaka 1974, na huko mwanafunzi hupita kwanza maabara na madarasa, kisha baada ya shahada hufanya mafunzo ya vitendo kwa mwaka mmoja chini ya wafamasia wenye uzoefu. Mpango huo una meza ya Prescott na una kaunta ya wapinzani wake.

Kwetu Afrika Mashariki na ya Kati habari hii inatugusa moja kwa moja. Mkwinini ulipandwa Amani, katika milima ya Usambara, tangu enzi za Wajerumani, na huko Bukavu kampuni ya Pharmakina imekuwa ikitoa kwinini kutoka magome ya miti ya Kivu. Udanganyifu wa karne ya 19 nao haukufa. Vidonge bandia vya malaria vimekamatwa katika masoko yetu, vingine vikiwa na dawa pungufu na vingine bila dawa yoyote. Kinga yetu ni maabara na watu wanaojua kuzitumia. Maabara ya taifa ya Kenya ya kupima ubora wa dawa ilipata ithibati ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, na ile ya Tanzania, ambayo sasa iko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), mwaka 2011. Mashine za leo zinapima kwa dakika kile ambacho wanafunzi wa Ann Arbor walikipima kwa siku nzima, lakini mashine haimjui mtu aliyechukua sampuli kwa uvivu au aliyeandika jibu kabla ya kuliona.

Kwa hiyo namwomba kila anayeongoza chuo cha famasia katika ukanda wetu, awe wa serikali au wa binafsi, asikubali meza ya maabara iwe kitu cha kwanza kupunguzwa bajeti inapobana. Vitendanishi ni ghali, na wanafunzi ni wengi, na kuonyesha picha ukutani ni rahisi zaidi. Lakini mfamasia ambaye hajawahi kuthibitisha dawa kwa mikono yake atawauzia watu imani ya mtu mwingine. Na kijana unayesoma famasia sasa, ukipewa sampuli usiyoijua, usimuulize mwenzako jibu. Osha mashapo yako vizuri, subiri, tazama rangi, kisha andika ulichokiona. Mgonjwa atakayekunywa dawa kutoka mkononi mwako hana njia nyingine ya kujua kilichomo.